Kumi Bora za Anga la Rufiji: Ndege Ndogo Zilizobadilishwa na Alama Zilizozitambulisha

Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, watu wa pwani walikuwa wameshaipa jina: manowari na bomba tatu. Hawakuhitaji kusoma maandishi ubavuni mwake. Walihesabu mabomba ya moshi, kazi ikaisha.

Ndege nazo hutambuliwa hivyo hivyo, kwa kuhesabu na kulinganisha. Kila fundi anayeongeza tangi, kubadili injini au kufunga fimbo ubavuni huacha alama, na mtu aliyesimama Mkongo kwenye barabara ya Kibiti kwenda Mloka anaweza kuisoma alama hiyo bila darubini. Zifuatazo ni kumi nilizozipanga kwa ushindani mkali, kuanzia ya kumi hadi bingwa. Masharti ni mawili: chombo kiwe kimebadilishwa au kufungwa kitu kwa kazi maalumu, na mabadiliko yaonekane kwa macho. Nyingine zimeruka juu ya Rufiji yenyewe, nyingine zimeingia kwa sababu rekodi zao hazina mpinzani.

10. Inayoonekana mara nyingi kuliko zote: Cessna Caravan

Ukiwa Mkongo ukasikia mngurumo mwembamba wa injini moja kutoka upande wa Dar es Salaam au Zanzibar, yaelekea ni Caravan inayopeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Aina ya Grand Caravan ina upana wa mabawa wa mita 15.88. Panga Coaster mbili kichwa kwa mkia, bado bawa litazipita kwa zaidi ya mita moja na nusu! Uzito wake wa juu wa kupaa unakaribia tani 4, na injini ya kawaida ina nguvu za farasi 675.

Hata hiyo Grand yenyewe ilizaliwa kwa kurefushwa. Caravan ya kwanza iliruka mwaka 1982. Baadaye kiwanda kikaongeza mwili wake kwa mita 1.22, hatua moja ndefu ya mtu mzima, na ndiyo hiyo inayojaa viwanja vya mbugani siku hizi.

Angalia tumboni. Kama kuna boksi refu lililolala kati ya magurudumu, hilo ni tumbo la mizigo, na ndege isiyo nalo huonekana nyembamba mara moja. Halafu angalia bomba la moshi: moja, kubwa, chini ya pua upande wa kulia.

Alama tamu kuliko zote huonekana ndege ikiwa imesimama na injini imezimwa. Caravan yenye injini yake ya asili ya Pratt & Whitney huacha panga zake zimegeuka ubavu, na ukisimama mbele yake unaona kingo nyembamba tu. Ila kuna Caravan zilizong'olewa injini hiyo na kufungwa ya Honeywell yenye nguvu za farasi 900, theluthi nzima zaidi ya ile ya kawaida. Hizo panga zake hubaki zimelala bapa, uso mpana ukikutazama. Hakuna haja ya kufungua boneti. Panga zimeshasema.

9. Inayotua kwa ufupi kuliko zote: Chinook ya Valdez

Huko Valdez, Alaska, kila mwaka marubani hushindana nani apae na kutua ndani ya eneo dogo zaidi. Mwaka 2018 Dan Reynolds, akiwa na Chinook nyepesi aliyoibadilisha mwenyewe, alipaa kwa futi 11, sawa na mita 3.35. Akatua kwa futi 9 na inchi 5, yaani mita 2.87. Jumlisha vyote viwili: mita 6.22.

Coaster ina urefu wa karibu mita 7. Kwa hiyo ndege hii ingepaa na kutua, na mbio zote mbili zikiunganishwa zisingefika kutoka bampa la mbele la Coaster hadi la nyuma! Alama zake ni matairi manene yenye upepo kidogo, uzito uliopunguzwa kila mahali, na panga boi lililofungwa nyuma ya bawa badala ya puani. Shika hilo la panga boi la nyuma. Namba moja inalo pia.

8. Yenye herufi zilizokwenda mbali kuliko zote: VP-KCC

Herufi za mwanzo za usajili ni kitambulisho cha kila ndege. Leo 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Enzi za ukoloni ndege za Kenya zilianza na VP-K, na moja kati ya hizo, Percival Vega Gull iliyoandikwa VP-KCC, iliondoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936 ikiwa imejazwa matangi ya ziada ya mafuta ndani ya chumba cha abiria. Rubani alikuwa Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Aliruka zaidi ya saa 20 peke yake dhidi ya upepo, akatua kwa pua katika kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, baada ya barafu kuziba njia ya hewa ya tangi. Akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika ya Kaskazini bila kutua njiani. Saa 20 zinatosha basi kutoka Dar es Salaam kufika Mwanza na dereva akapata usingizi. Yeye hakupata hata lepe.

7. Iliyopakwa rangi kwa ujasiri kuliko zote: pundamilia wa Serengeti

Hii mtoto wa chekechea angeitambua. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliipaka Dornier Do 27 yao michirizi ya pundamilia, pua hadi mkia, wakaandika ubavuni D-ENTE. Kwa ndege hiyo, mwaka 1958, walihesabu wanyama wakubwa 366,980 katika nyanda za Serengeti. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Wanyama hao wangeujaza mara sita na bado maelfu wakabaki getini.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafariki akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyoipiga ilishinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na hadi leo sijaona rangi ya ndege iliyofanya kazi kubwa kama ile.

6. Iliyokaa angani muda mrefu kuliko zote: Hacienda

Siku ile Michael Grzimek alipoanguka, upande wa pili wa dunia Cessna 172 moja ilikuwa na zaidi ya mwezi mzima haijagusa ardhi. Robert Timm na John Cook waliondoka Las Vegas tarehe 4 Desemba 1958, wakatua tarehe 7 Februari 1959. Siku 64, saa 22, dakika 19 na sekunde 5. Miaka zaidi ya 65 imepita na hakuna marubani waliovunja rekodi hiyo!

Walisafiri kama kilomita 240,000. Dar es Salaam hadi Mwanza ni karibu kilomita 1,150, kwa hiyo chukua safari hiyo mara mia mbili na ushei, mfululizo, bila kushuka hata kuchimba dawa.

Mabadiliko yake yalionekana kutoka mbali. Tumboni palifungwa tangi la ziada la lita 360, karibu mapipa mawili yale ya mafuta tunayoyajua. Mlango wa upande wa rubani msaidizi ulitolewa, ukawekwa wa kukunjika, ili mtu asimame nje kwenye kibao na kupokea mpira wa mafuta kutoka kwenye lori lililokuwa likikimbia chini yao kwenye barabara iliyonyooka. Ubavuni iliandikwa jina la hoteli ya Hacienda, iliyogharimia shughuli nzima.

Lakini alama ninayoipenda mimi ni ndogo kuliko hizo zote. Mwanzoni kabisa mwa safari, ndege iliposhuka karibu na ardhi, gari lilikimbia chini yake na watu wakapaka rangi nyeupe kwenye matairi. Kama ndege ingetua mahali kwa siri, rangi ingekwanguka. Michirizi miwili ya rangi ilisimama kama shahidi kwa miezi miwili.

5. Mabadiliko madogo yenye kazi kubwa kuliko yote: fimbo za kuhesabia tembo

Sasa turudi nyumbani. Ukiona Cessna ndogo inapita chini chini juu ya Nyerere au Selous, kimo cha kama mita 100 hivi, inanyoosha mstari hadi mwisho, inageuza, inarudi kwa mstari mwingine sambamba, usidhani rubani amepotea. Tazama mihimili inayoshikilia mabawa. Kila upande utaona vifimbo viwili vimefungwa, vinaelekea nyuma.

Hivyo ndivyo vinavyohesabu. Mtazamaji aliyeketi kiti cha nyuma huweka jicho lake sawa na alama iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha, kisha hutazama chini kati ya fimbo na fimbo. Mnyama aliye ndani ya mstari huo anahesabiwa. Aliye nje, hata kama ni tembo dume mwenye pembe za kufagia ardhi, anaachwa. Rubani akipanda juu zaidi mstari unapanuka, akishuka unasinyaa, ndiyo maana kimo kinachungwa kwa kifaa maalumu dakika kwa dakika. Baadaye wataalamu hukokotoa idadi ya eneo lote kutokana na mistari iliyorukwa.

Na eneo lenyewe! Hifadhi ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kumegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, ina kilomita za mraba 30,893. Karibu sawa na Mkoa wa Pwani mzima, kuanzia Bagamoyo hadi Mafia. Hakuna askari wa miguu atakayemaliza kuhesabu humo.

Hesabu za kutoka angani ndizo zilizotoboa siri ya ujangili. Mwaka 1976 tembo wa Selous walikadiriwa kupita 109,000. Mwaka 2013 zoezi lililoendeshwa na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, lilikuta 13,084 katika Selous na Mikumi. Katika kila tembo wanane, mmoja tu ndiye aliyekuwa amebaki. Vifimbo vinne vya bei ya chini kabisa ndivyo vilivyoleta ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuupinga, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kilichowahi kufungwa kwenye ndege Tanzania chenye faida kuvishinda.

4. Ndefu kuliko zote: L59

Hii si ndogo hata kidogo, lakini nani ataiacha nje? L59 ilikuwa chombo cha Zeppelin chenye gesi, na Wajerumani waliikata na kuirefusha hadi ikafika mita 226.5. Daraja la Mkapa pale Rufiji lina kama mita 970. Zeppelin nne tu za namna hiyo zikipangwa zingekaribia kulivuka lote.

Tarehe 21 Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, chini ya Ludwig Bockholt, ikiwa na shehena ya tani 15 hivi za dawa, risasi na vipuri kwa ajili ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika ya Mashariki. Haikupangiwa kurudi. Kitambaa chake kingekuwa mahema, ngozi ya njia yake ya ndani ingeshonwa viatu, injini zingetoa umeme. Ilifika karibu na Khartoum, ikaamriwa kwa simu ya upepo igeuze. Ilipotua ilikuwa imekwenda kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kugusa ardhi, sawa na Dar es Salaam na Mwanza kwenda na kurudi karibu mara tatu.

3. Iliyoteswa na joto kuliko zote: Sopwith na Short za Rufiji

Februari 1915 Waingereza walileta Sopwith mbili za majini kuitafuta Königsberg. Joto la Rufiji liliziumbua: gundi iliyoshika mbao ililegea, na ndege ikawa inahangaika kuondoka majini hata ikiwa na rubani peke yake, bila mtazamaji, bila bomu.

Aprili zikaja Short tatu. Hizi zilijulikana kwa mabawa yake yanayokunjwa kurudi nyuma kama ya kunguru aliyetua, na kwa maboya makubwa mawili chini pamoja na dogo la mkiani. Zilipiga picha za meli ile, na hiyo ni sifa yao. Lakini katika hewa nyepesi ya joto zilishindwa kupanda hata futi 1,000, yaani mita 300. Simamisha Daraja la Mkapa wima, nazo zingepita chini ya theluthi yake, mbele ya bunduki za mabaharia waliokuwa wakizisubiri kwenye mikoko. Katika orodha hii hakuna nyingine iliyobaki chini kiasi hicho ilhali ilitaka kupanda.

2. Kiraka cha ajabu kuliko vyote: rejeta ya Ford

Kabla ya Sopwith na Short alitangulia Dennis Cutler. Huyu alikuwa raia aliyekuwa akiruka ndege huko Durban. Jeshi la Uingereza likampa cheo na kuichukua ndege ya Curtiss, ile yenye mwili wa boti na injini iliyoning'inia kati ya mabawa mawili nyuma ya rubani. Novemba 1914 aliletwa na meli Kinfauns Castle hadi kisiwa kidogo cha Nyororo, jirani na Mafia.

Mwili wa boti ulivuja. Rejeta nayo ikavuja, na injini isiyopozwa kwenye jua la delta haifiki mbali. Kiwanda kilikuwa Marekani, vita ilikuwa mlangoni. Wakatafuta Mombasa, wakapata rejeta ya gari la Ford, wakaifunga kwenye ndege. Ikaruka! Cutler akaiona Königsberg iliyokuwa imejificha ndani kabisa ya mito, mahali ambapo hakuna manowari ya Uingereza iliyoweza kufika.

Kila fundi wa gereji ya Kibiti aliyewahi kufunga kifaa cha gari hili kwenye gari lile apate heshima yake hapa. Desemba mwaka huo huo injini ilimwangusha Cutler mikononi mwa Wajerumani, naye akawa mfungwa. Lakini rekodi imeshaandikwa: rejeta ya gari la kawaida la mjini ndiyo iliyoipoza injini ya ndege ya kwanza ya vita juu ya Rufiji.

1. Bingwa: Henri Farman ya tarehe 11 Julai 1915

Juni 1915 Waingereza, wakiwa wameshaiteka Mafia, walisafisha uwanja kisiwani na kuleta ndege za magurudumu: Caudron mbili na Henri Farman mbili. Mlinzi wa Kijerumani aliyekaa juu ya mti katika mikoko aliweza kuzitenganisha kwa mtazamo mmoja. Caudron ilikuwa na injini puani na mkia ulioshikwa na fremu tupu ya wavu. Farman haikuwa na injini mbele kabisa. Watu wawili walikaa kwenye kikapu kilichochomoza mbele ya mabawa, panga boi likizunguka mgongoni mwao, ndani ya fremu ya mkia.

Umbo hilo ndilo lililoipa ubingwa. Mtazamaji hakuzibwa na injini wala panga boi. Delta yote ilikuwa wazi miguuni pake. Mabawa yake yalikuwa karibu mita 16, sawa na ya Caravan ya leo, ingawa injini ilikuwa na nguvu za farasi 140 hivi. Caudron ilikuwa na 80 tu, na hata Toyota IST ya injini ndogo inaizidi.

Mabadiliko yake makubwa yalikuwa mtambo wa simu ya upepo. Meli mbili, Severn na Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil na zenye kina kifupi, ziliingia mtoni na kufyatua mizinga zikilenga shabaha ambayo wapigaji hawakuiona. Siku ya kwanza, tarehe 6 Julai, zilitupa makombora zaidi ya 600 na Königsberg ikabaki hai. Tarehe 11 Julai walirudi. Juu yao alikuwa rubani John Cull, pamoja na mtazamaji wake Arnold akigonga ishara: mbali mno, karibu mno, kushoto, imepata.

Ndege ikapigwa. Injini ikafa, wakaanza kushuka, na wakati wanashuka Arnold aliendelea kugonga masahihisho. Farman ilianguka mtoni karibu na Mersey ikapinduka, wote wawili wakaokolewa na mashua. Makombora yaliyofuata yalifika pale pale alipoelekeza. Kapteni Max Looff akaamuru meli yake izamishwe, na meli ya mita 115, ndefu kuliko uwanja wa mpira, ikaisha nguvu kwa sababu ya ndege ya chuma chembamba na turubai.

Mizinga ya Königsberg iliopolewa na Wajerumani, wakaikokota nchi kavu vita nzima. Mmoja uko Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ya Uingereza ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Ukifika Mombasa nenda ukauone huo wa Königsberg, kipenyo cha mdomo wake ni sentimita 10.5.